Wakili Aliyeletwa na Mume Wangu

Dada yangu alizaliwa na dharau, kama wengine wanavyozaliwa na baka shavuni. Akikutazama mara moja tu, kichwani hadi miguuni, unajikuta umeshika kola ya nguo yako kuona kama imekaa sawa. Marehemu mama alikuwa akisema huyu mtoto hatapata mume, na kweli hakupata. Niseme vizuri: walikuja, akawatazama, wakaenda zao. Mimi niliyekuwa mpole ndiye niliyepata. Huyo niliyempata mtamwona hapa mbele, kisha muamue wenyewe nani kati yetu alibahatika.

Kazi ya dada ilikuwa kwenye kiwanda cha dobi. Si dobi wa beseni na kamba, ni jumba refu la mabati nyuma ya gereji za malori, ambako mashuka ya hoteli na hospitali huletwa yamefungwa mafungu mafungu. Ndani mna joto la tanuri, na harufu ya sabuni inayokaa kwenye nywele hata ukioga mara mbili. Dada alisimama kwenye mashine ya kunyoosha: rola mbili pana zenye moto, unaingiza shuka bichi upande huu, linatoka upande wa pili limenyooka kama karatasi. Mbele ya rola kuna chuma chembamba cha kinga. Mkono ukikisukuma, mashine inasimama papo hapo. Ndivyo ilivyotengenezwa. Lakini msimamizi wao, mtu mfupi aliyetembea na filimbi shingoni kama refa, aliona kwamba hata shuka likijikunja linakigusa kile chuma, mashine inasimama, kazi inachelewa. Akakifunga kwa waya. Wafanyakazi walipolalamika akawajibu, "Mwenye macho anaingizaje mkono kwenye moto?"

Dada alikuwa na macho, na mazuri tu. Siku hiyo pindo la shuka lilijisokota kwenye vidole vyake likamvuta. Rafiki yake, yule anayekunja mashuka upande wa pili wa mashine, ndiye aliyekimbilia swichi ukutani. Msimamizi akaja mbio huku akipuliza filimbi, sijui akimpulizia nani. Akalishika shuka kwanza. Akalikunjua, akaligeuza kwenye mwanga kuona kama doa la damu litatoka. Halafu ndipo akamtazama dada yangu.

Hospitali walimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Vilivyobaki, gumba na cha shahada, ngozi yake iliungua ikawa inang'aa kama ya kubandikwa. Nilipoingia wodini nilianza kulia mlangoni.

"Nenda kalilie huko nje," akaniambia. "Hapa kuna wagonjwa."

Bandeji ya kwanza haijabadilishwa, mume wangu akaja na wakili.

Mume wangu ni mtu wa mipango. Tangu nimjue yuko mbioni kupata kitu fulani kupitia mtu fulani, na kitu hicho kikikwama, kosa ni la yule mtu. Ajali ya shemeji yake ilimpa uhai mpya. Nilimwona asubuhi ile akipiga mswaki huku akiimba. Mtu ambaye hakuwahi kumbebea dada yangu hata mfuko wa sokoni, leo alikuwa akisema "mkono wetu". Tutaudai mkono wetu. Hawatauonea mkono wetu.

Wakili mwenyewe alifika baada ya manukato yake. Nasema kweli, harufu iliingia wodini, wagonjwa wakageuza shingo, ndipo mtu akafuata. Suti ya kubana, viatu vyenye ncha, na uso uliokwisha kujipanga kwa huzuni tangu kwenye ngazi. Baadaye manesi walinieleza kwamba wanamjua vizuri. Hushinda kwenye korido za wodi za majeruhi, akiuliza wagonjwa wameumia wapi na nani kawaumiza, na akisikia ni mwenye mali, anaketi. Dada alimpa jina hapo hapo: Bwana Manukato.

"Mama yangu mpendwa," alisema, akaweka mkono kwenye reli ya kitanda, mbali kabisa na bandeji. "Nimelia njia nzima."

Dada alimtazama machoni. Macho yalikuwa makavu kama unga.

"Pole kwa msiba," akamjibu.

Bwana Manukato alitoa karatasi za kumruhusu asimamie kesi. Dada akasema mkono wa kuandikia ndio huo uliofungwa, na hata ungekuwa mzima asingeandika kitu kwa mtu aliyekutana naye akiwa amelala. Mume wangu akamvuta wakili pembeni, wakanong'ona, kisha mume wangu akachukua kalamu akatia sahihi yake mwenyewe, kwa mbwembwe, na mstari wa chini kama wa kwenye noti. "Kwa niaba ya familia," akasema. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na chupa ya chai. Dada akafumba macho, akasema, "Ulimtoa wapi huyu?" Sikujua anamwuliza nani kuhusu nani.

Alipotoka hospitali alikaa kwetu. Ndipo mafunzo yakaanza. Bwana Manukato alikuja kila wiki sebuleni, akanywa chai yangu na kumfundisha dada jinsi ya kuumia. Usitembee haraka barabarani. Usicheke na majirani. Ukiulizwa unaendeleaje, vuta pumzi kwanza. Siku moja alikuja na kiti cha magurudumu kwenye buti ya gari.

"Hiki cha nini?" dada akauliza.

"Cha mahakamani, mama."

"Nimeumia mkono."

"Najua, mama. Lakini hakimu ni binadamu. Mkono anaweza kuusahau. Mtu kwenye kiti cha magurudumu hamsahau."

"Na miguu niseme imefanya nini?"

"Hutasema kitu. Wewe utakaa tu. Na ukiweza kulia kidogo. Hebu tujaribu sasa hivi. Fikiria kitu kinachokuumiza roho."

Dada akamkazia macho mpaka yule bwana akaanza kusogeza kikombe huku na huku. "Nafikiria," akasema. "Machozi hayaji. Kinachokuja ni kichefuchefu."

Mume wangu akakasirika. Aliniambia chumbani kwamba dada yangu ana kiburi, na kiburi kitatukosesha. Nilimwuliza kitatukosesha nini, na sisi nani. Akasema mimi sielewi mambo ya sheria. Yeye anayaelewa kwa sababu amekaa karibu na suti.

Basi ikawa siku moja asubuhi, yule rafiki wa dada wa kukunja mashuka akapiga simu kutoka chooni kazini, kwa simu aliyoipenyeza getini kwa siri, akinong'ona.

"Dada, wakili wako yupo huku."

"Amekuja kuangalia mashine?"

"Mashine gani? Yupo ofisini kwa mkurugenzi. Wamepelekewa chai na biskuti. Wanacheka mpaka huku tunasikia."

Dada alivaa viatu. Nilimfuata, maana nilijua kuna kitu cha kuona, na sitajifanya kwamba nilikwenda kumsaidia. Alipita getini, mlinzi akasimama mwenyewe. Akapita katikati ya mafungu ya mashuka, wenzake wakaacha kazi, msimamizi akaiweka filimbi mdomoni akasahau kuipuliza. Akafungua mlango wa ofisi bila kubisha.

Mkurugenzi alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, aina ya watu wanaokuita "mzazi mwenzangu" wakiwa hawajui una watoto au huna. Bwana Manukato alikuwa amekaa. Lakini hakukaa kwenye kile kiti cha wageni mbele ya meza. Alikuwa amevuta kiti akazunguka, amekaa bega kwa bega na mkurugenzi, wote wawili wakitazama upande wa mlango. Mbele yao kulikuwa na kiti kitupu, bila shaka cha dada yangu siku atakapoitwa.

"Mama!" Bwana Manukato akainuka nusu. "Nilikuwa hapa nakutetea."

"Naona. Mbona umekaa upande wake wa meza?"

"Ni mambo ya mazungumzo tu, mama. Tumefikia pazuri sana. Mkurugenzi, kwa moyo wake, yuko tayari kukupa kiasi cha kuanzia maisha, na juu ya hapo nafasi ya kudumu hapa hapa. Utafagia. Ufagio hauhitaji vidole vingi."

Mkurugenzi akatabasamu kwa unyenyekevu, kama mtu anayesubiri kushukuriwa.

Dada akasogea mezani, akamnyooshea Bwana Manukato mkono wa kulia, ule wenyewe, bila bandeji, kwa mara ya kwanza. Yule mtu alikuwa ameuzungumzia ule mkono miezi yote, sebuleni kwangu na sijui wapi kwingine, ameuuza na kuupangia bei. Hakuwahi kuugusa. Aliutazama, akarudisha mkono wake nyuma akaushikanisha na mwenzake mgongoni.

"Naaga," dada akasema. "Mbona hunipi mkono?"

Hakuupokea. Mkurugenzi akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Tukatoka.

Kutafuta wakili mwingine hakukuwa mchezo. Nilimsindikiza kwenye ofisi kadhaa, na karibu zote zilikuwa na zulia, mtindo ule ule wa kutuita "mama zangu", na bango la mtu mwenye plasta akiwa anatabasamu. Mmoja alimwuliza dada kama bado anasikia maumivu, na kabla hajajibu akaandika ndiyo. Kwa mwingine dada hakukaa hata kwenye kiti. Alitazama ukuta, akatazama saa ya dhahabu ya yule wakili, akasema "Asante," na tukawa tumeshafika ngazini.

Aliyempata alikuwa juu ya duka la kuuza matairi, chumba kimoja, feni inayolalamika. Mwanamke mwembamba, nywele hazijachanwa vizuri, mwenye mafua ambayo, kwa jinsi nilivyomwona mwaka ule mzima, nadhani hayakuwahi kumwacha. Hakusema pole. Alipenga kamasi, akatupa tishu kwenye ndoo, akaanza.

"Ulikuwa umekunywa?"

"Sinywi."

"Ulikuwa unazungumza na mtu? Unaangalia simu?"

"Simu tunaziacha getini."

"Ulijua kinga imefungwa waya?"

"Tulijua wote."

"Na mkaendelea kufanya kazi."

"Na wewe ungeendelea, ukiwa na kodi ya nyumba."

Wakili akapiga chafya, akasema, "Hilo usiliseme hivyo mahakamani. Au liseme. Nitafikiri. Tayari una wakili?"

"Shemeji yangu alimwekea sahihi mmoja."

"Shemeji yako alikatika vidole?"

"Hapana."

"Basi huyo ni wakili wa shemeji yako. Mwache amtetee. Nionyeshe mkono."

Akaushika. Akaugeuza, akabonyeza penye makovu akiuliza hapa je, hapa je, kama fundi anayekagua kitu kilicholetwa kutengenezwa. Tishu nyingine ilikuwa mkono wake wa pili. Dada alivumilia, kisha akanigeukia kwa macho yale yale ya kupima watu, na kwa mara ya kwanza sikuona kejeli ndani yake.

"Huyu," akasema. Na akatia sahihi mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama za mtoto wa chekechea.

Nyumbani mume wangu alinuna kama mtu aliyefiwa. Bwana Manukato alikuwa amemwahidi kitu, hilo lilikuwa wazi, ingawa hakuwahi kukubali. Alikuwa akipita sebuleni akisema kwa sauti, kama anayeongea na dirisha, kwamba watu wengine wanaletewa msaada wanautupa, wanakwenda kuajiri wagonjwa. Dada alihama wiki ile ile akapanga chumba chake. Kumbeba godoro nilimsaidia mimi. Mume wangu aliumwa mgongo siku hiyo.

Kesi ilichukua muda. Kati ya wafanyakazi wote waliosimama siku ile ya kuumia wakimtazama dada kwa huruma, ni mmoja tu aliyekubali kuja kutoa ushahidi, yule rafiki yake wa kukunja. Wengine ghafla hawakuwepo siku ya ajali. Mmoja aliyemfunga dada kitambaa cha kuzuia damu kwa mikono yake mwenyewe alisema alikuwa likizo. Sikutegemea mashujaa, lakini hata woga una kiasi.

Dada alipopanda kizimbani hakulia. Wakili wa kiwanda, kijana mwenye sauti ya kutangaza, alimzungusha weee, akimwuliza kama si kweli kwamba yeye ni mtu wa majibu, mtu wa kudharau maagizo. "Maagizo ya kufanya kazi na kinga iliyofungwa waya?" dada akauliza. "Hayo niliyatii. Ndiyo maana niko hapa." Hakimu, mzee mwenye miwani iliyoshuka puani, akaandika kitu.

Halafu akaja msimamizi. Alikuwa amefundishwa. Alisema kinga haikuwahi kufungwa, haikuwahi kuguswa, yeye ni mtu wa usalama kwanza. Filimbi hakuja nayo, lakini mkono ulikuwa ukienda kifuani kuitafuta.

Wakili wetu akasimama, akapenga kamasi kwa utaratibu. Mume wangu, ambaye alikuja kukaa kiti cha nyuma ili asipitwe, akacheka kwa pua.

"Bwana msimamizi," wakili akasema kwa sauti ya uchovu, "nimeambiwa wewe ndiye uliyekiinua kile kiwanda."

Yule mtu akanyooka. "Najitahidi."

"Kabla yako mashuka ya hoteli yalikuwa yanachelewa."

"Yalikuwa aibu. Wateja walikuwa wanakimbia. Nilipofika mimi, ndani ya muda mfupi tu, mzigo unatoka kwa wakati."

"Wengine walishindwa wapi?"

"Hawakuwa na akili ya kazi. Mashine ilikuwa inasimama kila dakika. Shuka kidogo tu likigusa kile chuma, kwisha, inasimama. Nusu ya siku watu wanasubiri mashine."

"Na tangu umefika wewe?"

"Haisimami!" akasema kwa fahari, kifua mbele, akatazama huku na huku kama anayetafuta makofi.

Wakili wa kiwanda aliinamisha uso. Mkurugenzi alifumba macho. Mtu wa mwisho kuelewa alikuwa msimamizi mwenyewe. Kifua kilibaki mbele kwa muda, kisha kikaanza kurudi kidogo kidogo.

"Kwa nini haisimami?" wakili akauliza, na akapiga chafya.

Msimamizi akapapasa kifuani filimbi isiyokuwepo. Hakimu akamwambia ajibu. Akasema haelewi swali. Hakimu akalirudia mwenyewe, polepole, kama anayeongea na mtoto mzito. Akasema pengine ni bahati.

Hukumu ilikuwa ya dada. Kiwanda kiliamriwa kumlipa fidia, na mashine kufungwa mpaka ikaguliwe. Fidia haikuwa ya kujengea ghorofa, lakini ilikuwa ya haki, na dada aliipokea bila kupiga vigelegele. Mkurugenzi alisimama nje ya mahakama akawaambia waliokuwepo kwamba kiwanda chake siku zote kimejali wafanyakazi. Msimamizi alihamishiwa tawi lingine. Alipandishwa cheo, kwa taarifa yenu.

Jioni ile ile mume wangu alikuja chumbani kwa dada akiwa amevaa shati la Idi na Krismasi, akakaa bila kukaribishwa.

"Shemeji, hongera. Mimi nilisema tangu mwanzo. Sasa, nina wazo. Gari dogo la mizigo. Wewe unaweka mtaji, mimi nasimamia."

"Shemeji," dada akasema, "wewe huwezi kusimamia hata mgongo wako."

"Nilikupigania mimi!"

"Ulinitilia sahihi. Kunywa chai yako uende, mke wako anakusubiri."

Nilikuwa nimekaa hapo hapo kitandani. Sikuwa namsubiri.

Siku hizi dada ana meza tatu za kupiga pasi kwenye kibanda cha kukodi, na rafiki yake wa kukunja aliacha kiwanda akaja kwake. Mkono unamuuma kukiwa na baridi, na kuna mambo ya kawaida, kufunga kifungo, kumenya kitu, ambayo bado yanamtoa matusi. Watu wa mtaani walioumia makazini humjia kumwuliza kuhusu mawakili. Juzi alikuja fundi rangi mmoja aliyeanguka kutoka kwenye ngazi, ana kola ya shingo hadi masikioni, anaongea kwa kunong'ona.

"Shingo inauma?" dada akamwuliza, pasi ikiwa mkono wa kushoto.

"Sana, mama."

"Uliangukia nini?"

"Kiuno, mama. Kiuno ndicho kilichoumia. Lakini wakili aliyenifuata hospitali amesema shingo inaonekana zaidi."

Dada akaweka pasi chini. "Ana manukato?"

Yule mtu akashangaa. "Mengi."

"Vua hicho kitu," dada akasema. "Unatia aibu. Halafu kaa hapo, kwa huo upande usiouma, unieleze ngazi ilikuwa ya nani."